Tunatii kwa Hofu au kwa Dhamiri?

Masomo: Warumi 13:1-7, 1 Wafalme 12:1-24, Matendo ya Mitume 16:16-40



Swali la juma hili lilitoka kwa kijana mmoja katika somo la Biblia la Jumatano. Tulikuwa tumefika Warumi 13. Mzee mmoja akasema, vile sisi wazee husema, kwamba hapo hakuna maneno mengi: mamlaka imewekwa na Mungu, wewe tii, lipa kodi, nyamaza. Kijana akainua mkono. "Sasa baba, wale walioandamana Juni 2024 walikuwa wanashindana na Mungu? Na Kimathi naye?" Mama mmoja akaona mambo yanataka kuharibika, akaomba tufunge kwa maombi. Tukafunga. Lakini swali lilibaki, na mchungaji ameniomba nilijibu hapa kadiri ya uwezo wangu.

Nitaanzia mbali kidogo. Kabla ya kuuliza kama ni lazima tutii, tuulize kwa nini tayari tunatii. Maana ukweli ni kwamba tunatii, na tunatii sana. Hebu hesabu askari walio kati ya hapa Endarasha na Mweiga saa nane usiku. Hutamaliza vidole vya mkono mmoja. Na bado usiku huo ng'ombe wa jirani yuko bomani, kabeji ziko shambani, na mpaka wa shamba lako uko pale pale ulipouacha jioni. Wizi upo, najua, na waliopoteza ng'ombe wanasoma hapa. Lakini kama watu wote wa Kieni wangeamka asubuhi moja wameamua kwamba sheria si kitu, hakuna kituo cha polisi ambacho kingetosha. Serikali yoyote inasimama juu ya watu wengi wanaotii bila kusukumwa. Wanatii kwa nini?

Paulo ameligusa jambo hilo, ila sisi hulipita mbio. Soma tena Warumi 13 mstari wa 5. Pale anataja sababu mbili za kutii, na hazifanani. Ya kwanza ni kuogopa adhabu. Ya pili ni dhamiri. Anataka Mkristo afike kwenye ile ya pili. Na kumbuka aliwaandikia watu wa Roma wakati Kaisari alikuwa Nero, kabla Nero hajawageukia Wakristo, na mambo ya kodi yalikuwa moto hata huko. Mwanahistoria wao Tacitus anaeleza kwamba mwaka wa 58, karibu na wakati barua hiyo ilipoandikwa, wananchi walilalamikia watoza ushuru mpaka Nero mwenyewe akawaza kuuondoa ushuru huo kabisa. Washauri wake wakamzuia. Kwa hiyo Paulo anapogusa kodi haongei hewani. Anaongea na watu waliokamuliwa.

Tuangalie hizo sababu mbili hapa kwetu.

Tarehe 1 Februari 2004 wengi wenu mnaikumbuka kwa miguu, maana mlitembea. John Michuki, mtu wa Kangema kule Murang'a, alikuwa Waziri wa Uchukuzi. Kanuni zake zilitangazwa 2003, na siku hiyo zikaanza kufanya kazi: mkanda kwa kila abiria, spidi gavana isiyopita kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano kwenye gari, sare kwa dereva na makanga, kila mtu na kiti chake. Matatu nyingi zilikaa nyumbani. Zilipotoka, zilitoka zimenyooka. Nchi nzima ilifunga mkanda, na kwa muda tukawa kama watu wengine.

Leo panda matatu hapo Nyeri mjini uje huku. Makanga anaweka ubao wa sambaza katikati ya viti, na mkanda umejikunja chini una vumbi la miaka. Halafu mbele kuna kizuizi. Dereva anasema neno moja, "Mikanda!" Abiria wote, pamoja na wanakwaya na wazee wa kanisa, wanavuta mikanda kwa wakati mmoja kama watu walioimba pamoja miaka mingi. Mita mia mbili baadaye imeachiliwa yote. Mimi hucheka, lakini fikiria jambo hilo vizuri. Mkanda ni wa kifua changu. Gari likipinduka pale kwenye kona, askari hataumia, nitaumia mimi. Na bado naufunga kwa ajili yake, naye akipita naufungua, utafikiri nilikuwa nimemwazima kifua. Hofu ilileta mkanda, na hofu ilipoondoka mkanda ukaenda nayo. Michuki alihamishwa wizara, na mwaka wa 2012 akalala. Kanuni zake bado ziko kwenye vitabu.

Kuna jambo lingine nitalitaja kwa sauti ya chini, kwa sababu liko karibu nasi mno. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 tulipoteza watoto 21 hapa Endarasha katika moto wa bweni. Nani alifanya nini au hakufanya nini, hilo si la kuamuliwa katika kijikaratasi cha kanisa, na wazazi wale wako kati yetu na katika makanisa jirani. Nataka tuangalie sheria tu. Mwaka wa 1999 viranja wanne wa Nyeri High walichomwa wakiwa wamelala. Mwaka wa 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kuelekea nje, madirisha yasiwe na vyuma, kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi isiyopungua mita 1.2. Huo mwongozo haukuandikwa na mtu aliyetaka kumsumbua mwenye shule. Uliandikwa kwa sababu ya wale watoto.

Sasa zunguka nchi hii, kaunti yoyote, uone vyuma vingapi viko madirishani. Mzazi akiviona anasema afadhali, mwizi hataingia. Mwenye shule anasema mkaguzi akija tutaongea. Mkaguzi anakuja mara moja kwa muda mrefu, anaandika, anaenda. Sote watatu tunaichukulia ile kanuni kama mali ya mkaguzi. Ni yeye anaijali, ni yeye wa kuridhishwa, na akiondoka ameondoka nayo. Ni mkanda wa matatu tena, ila safari hii kifua ni cha mtoto.

Sasa geuka upande wa pili, kwenye maji. Kieni ni kavu, hakuna haja ya kuwaeleza ninyi. Mito inayotoka Mlima Kenya na Nyandarua inateremka kwenda Ewaso Ng'iro, na kutoka hapo inaenda Laikipia, Isiolo na Samburu, kwa watu ambao hatutawahi kuwaona. Miaka ya 1990 kila mtu alikuwa na paipu mtoni na wa chini alikuwa analia. Ndipo watu wa mito kama Naro Moru na Burguret wakaanza kuunda vyama vya watumiaji wa maji: wa juu na wa chini, mwenye ekari mbili za viazi na mwenye shamba kubwa la maua. Wakakaa chini, wakazozana, wakapanga zamu za kiangazi. Serikali ilikuja baadaye, na Sheria ya Maji ya 2002 ikavitambua vyama hivyo.

Tusidanganyane, kuna wanaofungua maji usiku. Lakini angalia kinachofuata. Aliyefungua anajulikana kufikia asubuhi, kwa sababu mto hauwezi kuficha siri. Jirani anaenda kwake. Akikataa kusikia, anaitwa mbele ya kamati, na pale anaulizwa swali ambalo halina jibu: "Si ulikuwa kwenye mkutano tukipanga hizi siku?" Hawezi kusema ni sheria ya wengine. Mkono wake uliinuka na mikono ya wengine. Na wengi wanafunga paipu zamu ikiisha, gizani, vitunguu vyao vikinyauka, kwa sababu wanajua wa chini atafanya vile vile kwa yule aliye chini yake. Hiyo ndiyo naita dhamiri. Sizungumzii kitu cha juu sana.

Na tusidhani ni mambo ya Kieni peke yake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Tom Tyler, alihoji wakazi 1,575 wa Chicago mwaka wa 1984, na mwaka wa 1990 akatoa kitabu juu ya swali hili letu la kwa nini watu wanatii sheria. Aliona kwamba hofu ya kukamatwa ilikuwa na nguvu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Waliotii zaidi ni wale walioamini kwamba mwenye mamlaka ana haki ya kuwaamuru. Na waliamini hivyo kwa nini? Hapo ndipo mimi niliposhangaa. Haikuwa kwa sababu walishinda kesi. Hata aliyeshindwa aliendelea kuheshimu mahakama kama alipewa nafasi ya kusema, akaona mwenzake amepimwa kwa mizani ile ile, na hakudharauliwa. Shosho yeyote aliyewahi kuamua ugomvi wa mpaka angetuambia hivyo bila kusafiri, lakini ni vizuri limehesabiwa.

Turudi kwa Kimathi, kwa maana kijana aliuliza na hatuwezi kujifanya hatukusikia.

Kabla ya Waingereza, Agikuyu hawakuwa na machifu. Kulikuwa na kiama, wazee waliopanda daraja kwa umri, kwa mbuzi na kwa kusikilizwa. Mzee akianza kula watu, watu waliacha kupeleka kesi kwake, na huo ukawa mwisho wake. Sheria za 1902 na 1912 zikaleta mtu mwingine: chifu anayelipwa kutoka juu, anayetumwa kutoka juu, anayeweza kufutwa kutoka juu. Watu wa chini hawakuwa na mlango wa kumfikia. Halafu kikaja kipande, ambacho baba na babu zetu walivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma.

Lakini mfano unaonifundisha zaidi ni wa matuta. Mwaka wa 1947 serikali iliwaamuru watu wa Murang'a wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kazi ikaangukia wanawake, siku mbili kila juma, machifu wakisimamia. Wanawake wakakataa. Mwaka uliofuata bado walikuwa wanakataa, na wengine wakakamatwa. Sasa, wapendwa, matuta si kitu kibaya! Udongo ulikuwa unaenda kweli. Leo mkulima hapa Endarasha anachimba fanya juu kwenye shamba lake kwa jembe lake bila kusukumwa na chifu, na akimaliza anapanda nyasi juu yake apate chakula cha ng'ombe. Kitu ni kile kile. Amri ile ile iliyokuwa na faida kwao waliikataa, kwa sababu ilikuja kama amri ya bwana kwa mtumwa. Kwa hiyo hata sheria nzuri haitoshi kuwa nzuri tu.

Baada ya hapo mnajua. Hali ya hatari Oktoba 1952, watu zaidi ya milioni moja wakaingizwa kwa nguvu katika vijiji zaidi ya 800, Kimathi akahukumiwa hapa Nyeri na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Serikali ile ilikuwa na bunduki zote, ndege, na kambi za kutosha. Ilipata watu walionyamaza. Miaka sita baadaye bendera ikashuka.

Je, Kimathi alishindana na Mungu? Sitatoa hukumu ambayo sikupewa. Lakini nitawakumbusha juu ya ahonoki, ndugu wa uamsho wa wakati ule, ambao wengine ni babu na nyanya zetu wa kiroho. Walikataa kula kiapo cha msitu, na wengi wao walikataa pia kubeba bunduki ya serikali. Waliteswa na pande zote mbili, na kuna waliouawa. Watu hao hawakuwa wamesoma Warumi 13 kama amri ya kunyamaza. Walikuwa na mahali ndani yao ambapo wala DC wala mwapishaji hangeweza kufika.

Sasa Juni 2024. Hapa nawaomba tufungue 1 Wafalme 12, kwa sababu Biblia ina hadithi ya mswada wa fedha. Sulemani amekufa, watu wamechoka na kazi za lazima na mizigo. Wanamwendea Rehoboamu, mwana wake, na angalia wanavyomwendea: hawana mawe mikononi. Wanasema atupunguzie, nasi tutamtumikia. Wako tayari kutii! Anaomba siku tatu. Wazee wanamshauri awajibu vizuri. Vijana aliokua nao wanamshauri awakaripie. Anafuata ushauri wa pili, anawaambia yeye atazidisha. Makabila kumi yanaondoka siku hiyo. Naye, badala ya kushtuka, anamtuma Adoramu, yule yule msimamizi wa kazi za lazima, na anapigwa mawe mpaka anakufa. Rehoboamu anapanda gari kukimbilia Yerusalemu. Na kuna mstari ambao sijasikia ukihubiriwa siku za hivi karibuni, wa 24: Mungu anamzuia Rehoboamu asiende vitani kuwarudisha, na anasema jambo lile limetoka kwake yeye.

Sisemi Mungu alituma watu kuingia Bunge tarehe 25 Juni. Kuchoma na kuiba siwezi kukubariki, na wafanyabiashara walioibiwa walikuwa wananchi kama wengine. Lakini vijana wengi walienda na bendera na chupa ya maji, na wengine walirudishwa wakiwa maiti. Siku iliyofuata Rais akakataa kutia sahihi mswada ule, akasema wananchi wamesema. Sasa kama wananchi walikuwa na jambo la kusemwa tarehe 26, walikuwa nalo tarehe 10 pia. Kipengele cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe. Mtu akiulizwa maoni yake na mtu aliyekwisha kuamua, anajua. Anajua kama vile mtoto anajua. Hapo hasira inazaliwa ambayo kiwango cha kodi peke yake hakiwezi kuizaa.

Ningetaka pia wazee wenzangu wakumbuke kilichotokea upande wa pili, wakati watu walitii jambo walilolichukia. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, majaji wanne kwa wawili. Hapa Nyeri karibu kila mtu alikuwa amempigia kura mtu aliyefutiwa ushindi. Nilikuwa stendi siku hiyo, kila matatu imefungulia redio, na nyuso za watu zilikuwa kama za matanga. Watu walilaani majaji, tuseme ukweli. Rais mwenyewe alisema hakubaliani na uamuzi, lakini atauheshimu. Baadaye akaongeza maneno mengine makali. Na halafu? Watu walienda nyumbani, wakakamua ng'ombe, na Oktoba wakarudi kupanga foleni. Linganisha na mwisho wa 2007. Wakati ule upinzani ulisema hautaenda kortini kwa sababu hauamini korti, na kabla ya Kofi Annan kutuketisha mezani watu zaidi ya 1,100 walikuwa wamekufa. Wakenya hawakugeuka kuwa malaika katika miaka hiyo kumi. Kilichobadilika ni kwamba mwaka wa 2010 tulipiga kura juu ya Katiba, majaji wakachunguzwa upya, na mwaka wa 2013 aliyeshindwa alienda kortini, akashindwa tena, akarudi nyumbani. Mahakama ikawa mahali ambapo hata mnyonge anaweza kushinda, na kwa sababu hiyo mwenye nguvu alipopoteza hakuwa na la kusema.

Sasa nifike mahali pagumu, na wengine wataniita kando baada ya ibada.

Kuna wengine wetu ambao kwao serikali ilikuwa imewekwa na Mungu mpaka tarehe 17 Oktoba 2024. Siku hiyo Seneti ilimwondoa Naibu wa Rais, mtu wa Mathira, wa kaunti yetu hii. Kabla ya hapo kijana akilalamika alisomewa Warumi 13 mzima. Baada ya hapo wasomaji wale wale wakagundua manabii: Eliya na Ahabu, Nathani na Daudi, Mika na watawala wanaokula nyama ya watu. Ndugu zangu, Nathani alikuwa kwenye Biblia wakati wote. Kama alifaa Oktoba, alifaa Juni. Kuwa na maoni juu ya jinsi mtu yule alivyoondolewa si dhambi, hata mimi ninayo. Lakini kama mamlaka ni halali akikaa wetu, na si halali akitoka wetu, hiyo si dhamiri. Mtu wa Kisumu au wa Garissa ameishi miaka mingi chini ya serikali ambazo sisi tuliziita za Mungu kwa sababu ya jina la aliyekuwa juu, na alitakiwa kutii. Yeye alikuwa anatii kwa sababu gani? Hatukumuuliza.

Kijana naye nina neno kwake. Ukisema sheria inapaswa kuwa yetu, usielewe kwamba kila mtu achague inayompendeza. Wakunga wa Misri walikataa kuua watoto. Hawakukataa kulipa ushuru wa soko. Petro alipokatazwa kuhubiri alihubiri mchana, mahali pa wazi, akapigwa, akarudi kuhubiri. Martin Luther King, mhubiri wa Kibaptisti, alipovunja amri ya korti kule Birmingham mwaka wa 1963 aliingia jela kwa miguu yake na akaandika kutoka humo. Hakuna hata mmoja aliyejificha. Anayekataa sheria kwa dhamiri anaikataa akionekana, na yuko tayari kulipa gharama. Anayeruka mita ya stima usiku amejisaidia tu, asituletee habari za Danieli.

Na yule anayempa askari kitu kidogo pale kizuizini, halafu jioni analaumu serikali? Naye tumwache hapo, anajijua.

Nimalizie na Paulo, kwa sababu ni yeye tuliyeanza naye. Watu wengi wanaosoma Warumi 13 hawamfuati mwandishi wake mpaka Filipi. Kule yeye na Sila walivuliwa nguo na kupigwa fimbo hadharani, bila kesi, kisha wakatupwa jela. Sheria ya Kirumi ilikataza kabisa kumchapa raia ambaye hajahukumiwa, na Paulo alikuwa raia. Usiku tetemeko likafungua milango, naye hakutoroka. Mnalihubiri sana hilo na ni sawa. Lakini asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu waseme, waachilieni waende. Kesi imeisha kimya kimya. Wengi wetu tungeshukuru Mungu na kukimbia, na Jumapili tungetoa ushuhuda.

Paulo akakataa kutoka. Akasema wametupiga mbele ya watu bila kutuhukumu, sasa wanataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe. Huyo ndiye mtu aliyeandika kwamba mamlaka itiiwe. Hakutukana, hakuitisha ghasia, hakuomba moto ushuke juu ya Filipi. Alitaka wenye sheria wasimame chini ya sheria yao wenyewe, mchana, mbele ya watu wale wale waliomwona akichapwa. Na wakaja. Wakubwa wa mji walitembea kwa miguu mpaka jela, wakawasihi, wakawatoa kwa mikono yao, wakawaomba waondoke mjini.

Na Paulo akaondoka kama alivyoombwa. Lakini kwanza alipitia nyumbani kwa Lidia, akaonana na ndugu, akawatia moyo, ndipo akashika njia.